Wafanyakazi wenzangu wenye miguu minane

Jamani wadau, leo sina siasa. Wiki nzima nimewaandikia siasa gazetini, sasa hapa kwenye uwanja wangu mwenyewe naomba mnivumilie niongelee buibui. Na kabla dada zangu hamjaanza kunitania: naongelea yule mwenye miguu minane, siyo lile vazi jeusi la pwani.

Mwenzenu nafanya kazi chumba kimoja na watu tisa. Ni chumba kirefu, ghorofa ya kwanza, kwenye jengo la zamani hapa Dar ambalo rangi ya kuta zake imeshashuhudia awamu kadhaa za serikali. Kuna kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi kikijisikia. Nyavu za madirisha zimetoboka, kwa hiyo ukipangiwa zamu ya usiku utawajua mbu vizuri. Hawana ubaguzi wale, wanamng'ata mhariri na mwanafunzi wa mazoezi vilevile.

Nilipoanza kazi pale nilikuwa muuaji, nasema wazi. Nyumbani kwetu tulilelewa hivyo: ukiona buibui, vua ndala, maliza. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa meza yangu nikamkuta mmoja amekaa juu ya kioo cha kompyuta, mdogo, mwenye manyoya, ananiangalia. Nikachukua gazeti la jana, nikalikunja, nikanyanyua mkono.

"Mwache," akasema kaka wa dawati la michezo bila hata kugeuza shingo. "Huyo ana miaka mingi hapa kuliko wewe."

Siyo kweli, maana buibui wa aina ile hawaishi miaka mingi. Lakini nilikuwa mgeni, na mgeni hapigi makelele. Nikashusha gazeti. Ndivyo ilivyoanza.

Yule mdogo ni buibui mrukaji. Hafumi utando wa kunasia, anawinda kwa macho. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, na ukisogea anageuka kukufuata. Nikiandika usiku anatoka nyuma ya kioo na kuanza kukimbiza ule mshale wa kipanya kwenye skrini, akidhani ni nzi. Nikifuta sentensi anarudi nyuma. Tukamwita Mhariri, kwa sababu anasimama juu ya habari yako, anaikodolea macho, halafu anaondoka bila kusema tatizo ni nini.

Wa pili anakaa kwenye kona, juu ya kabati la magazeti ya zamani. Huyu ni wa miguu mirefu myembamba kama nywele, wa wale mnaowaona kila nyumba. Ukigusa utando wake anaanza kujitikisa kwa kasi mpaka anakuwa kama ukungu, humuoni vizuri. Kaka wa michezo akamwita Kipa, maana kutwa yuko nyavuni. Asubuhi tunahesabu mbu walionasa kama watu wanavyohesabu magoli. Baadaye Kipa akaonekana amebeba mayai yake mdomoni, kifurushi kidogo cha rangi ya chai ya maziwa, na jike wa aina hii hukibeba hivyo mpaka watoto watoke. Tukajua kumbe ni mama. Kaka wa michezo hakutetereka hata kidogo. Akasema, basi huyu ni wa Twiga Stars.

Sasa ile kona haikubaki yenyewe hivihivi. Nilikwenda kumwomba mama anayetufanyia usafi. Yeye ameajiriwa na kampuni nyingine iliyopewa kazi ya kufagia jengo zima, siyo na gazeti. "Shikamoo mama. Naomba ile kona ya kabatini usiwe unaifagia juu." Akaniangalia, akaangalia kona, akacheka sana. "Marahaba mwanangu. Wakiniuliza utajibu wewe?" Nikasema nitajibu mimi, mama. Nakumbuka nilivyolisema kwa wepesi. Tutarudi hapo.

Haya. Mwandishi akishaanza kupenda kitu anakitafutia historia, ndiyo ugonjwa wetu. Nilitaka kujua kama katika dunia hii wapo watu wengine waliowahi kufanya kazi chumba kimoja na buibui wakaishia kuwapenda, au ni sisi tu tuliochanganyikiwa kwa kukosa usingizi.

Nilianza na kile ambacho kila mtoto wa pwani anakijua. Bibi yangu alikuwa anafagia utando, lakini buibui mwenyewe hamuui, anamtoa nje kwa kipande cha karatasi, na sababu yake ilikuwa moja: pango la Thaur. Mwaka 622, Mtume Muhammad akihama kutoka Makka kwenda Madina, yeye na Abubakar walijificha pangoni siku tatu. Masimulizi ya Waislamu yanasema waliokuwa wakiwafuatilia walifika mpaka mlangoni, wakakuta utando wa buibui umetanda, wakasema hapa hajaingia mtu. Wayahudi nao wana simulizi inayofanana na hiyo kuhusu Daudi akimkimbia Sauli. Waskoti wana yao ya Robert the Bruce, mfalme aliyeshindwa vitani, akajificha, akamtazama buibui akijaribu tena na tena kuufunga uzi wake, akapata moyo wa kurudi kupigana. Ila hiyo ya Bruce, aliyeisambaza sana ni mwandishi Walter Scott katika karne ya 19, na Bruce alifariki mwaka 1329. Chanzo kimechelewa miaka karibu 500! Mhariri wangu asingeipitisha, na yule mwenye miguu minane pia.

Halafu hao wote ni watu waliojificha, buibui akawafaa mara moja wakaondoka. Mimi nilikuwa namtafuta mtu aliyekaa naye kazini. Nikampata Uingereza, karne ya 17.

Anaitwa William Gascoigne, kijana wa karibu na mji wa Leeds. Hakuwa profesa wala nini. Alikuwa mtoto wa familia yenye uwezo kidogo, anapenda kutazama nyota, na anajitengenezea darubini zake mwenyewe. Karibu na mwaka 1640 alikuwa anafanya majaribio na lenzi mbili, na chombo chake kikawa wazi. Buibui akaingia kufanya shughuli zake, akavuta uzi mmoja ndani. Gascoigne alipoweka jicho akaona kitu cha ajabu: ule uzi unaonekana safi kabisa, umenyooka, mkali, juu ya picha ya kile anachokitazama.

Hapa niwaeleze kidogo kwa nini lilikuwa jambo kubwa. Darubini ya zamani ilikuwa inakuza tu. Unaiona nyota kubwa, sawa, lakini iko wapi hasa? Katikati ya duara la mwanga unakisia kwa jicho. Hakuna alama. Ukichora mstari kwenye lenzi ya mbele hauonekani, unapotea. Lakini katika darubini yenye lenzi mbili zilizotuna kuna sehemu moja ndani ambapo mwanga unakutana na picha inajiunda, na kitu chochote chembamba ukikiweka hapo hasa kinaonekana pamoja na nyota, vyote vikali. Buibui yule aliuvuta uzi wake hapo hapo. Si mbele, si nyuma. Angeukosea kwa kiasi kidogo tu, Gascoigne angepuliza vumbi akaendelea.

Naye hakupuliza, na hilo ndilo lililonishika. Alikaa akatazama. Kutokana na ule uzi alitengeneza darubini yenye alama ya kulengea, kisha kifaa cha kupimia umbali mdogo kati ya nyota na nyota, au upana wa Mwezi. Na katika barua aliyomwandikia mtaalamu mmoja wa hisabati wa wakati ule hakujisifu. Alikiri kwamba jambo lile alionyeshwa na uzi wa buibui, kwa mapenzi ya Mungu. Fikiria mtu wa zama zile anamtaja buibui kama mwenzake katika ugunduzi!

Hakufaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uingereza, akaingia upande wa mfalme, na Julai 2, 1644 akafa katika mapigano ya Marston Moor. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo tu. Kazi yake ilisahaulika kwa miaka mingi, mpaka Wafaransa walipotangaza kifaa cha namna hiyo katika miaka ya 1660, Waingereza wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa na kijana wao.

Wazo la kumrudisha buibui kazini rasmi lilikuja zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 1785 huko Philadelphia, Marekani, David Rittenhouse, fundi saa aliyegeuka mtaalamu wa nyota, aliweka nyuzi za buibui ndani ya darubini yake. Mafundi wa London wakaichukua mbinu hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, na kuanzia hapo ikawa kawaida. Nywele ya binadamu ni nene mno, inaifunika nyota nzima. Uzi wa hariri ya kawaida nao mnene. Uzi wa buibui ni mwembamba kuliko nywele yako mara kumi na zaidi, una nguvu, na unavutika, kwa hiyo ukiubandika umekazwa unabaki umekazwa. Darubini za nyota zikawa nao, na vyombo vya wapima ardhi pia, vile vya kusimamishwa kwenye miguu mitatu ambavyo mpaka leo mnawaona mafundi wamevichungulia pembeni ya barabara inayojengwa.

Sasa angalieni lilipofika jambo hili. Mwaka 1886 na 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana huku kwetu mezani, huko Ulaya. Lakini mstari wa kwenye karatasi lazima uje upandwe ardhini, na kazi ya kuupima mpaka kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro ilifanywa na tume ya pande mbili kati ya 1904 na 1906. Enzi zile vyombo vingi vya upimaji vilikuwa bado vinalenga kwa nyuzi za buibui. Kila nikipita Namanga kwenda kuandika habari za malori yaliyokwama, nawaza kwamba sehemu kubwa ya mipaka ya dunia imenyooshwa kwa kitu ambacho sisi tunakifagia. Sijui kama nicheke.

Nani alikuwa anawavuta nyuzi hao buibui? Hili halikunipa usingizi. Majina ya waliochungulia tunayo, yamejaa vitabuni. Lakini uzi haujipeleki wenyewe kwenye darubini. Lazima mtu amshike buibui mzima bila kumuumiza, auvute uzi taratibu kutoka mwilini mwake, auzungushe kwenye kifremu cha mbao, aukague kwa kioo cha kukuzia asiwepo vumbi, auhifadhi. Kiwanda cha Keuffel & Esser huko Hoboken, New Jersey, kilichotengeneza vyombo vya wapimaji, kilikuwa na kazi hiyo ndani ya jengo, na ilikuwa kazi ya wanawake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwepo mama mmoja California, mji wa Yucaipa, jina lake Nan Songer, aliyefuga buibui nyumbani kwake na kuuza nyuzi kwa ajili ya vyombo vya kulengea. Alikuwa nao hata wale weusi wenye sumu kali. Baadaye vioo vilivyochorwa alama vikachukua nafasi, kazi ile ikafa.

Nikasoma habari zao nikajiuliza kama waliwapenda. Nadhani ndiyo. Huwezi kumshika kiumbe kila siku kwa vidole vyepesi kiasi kile, miaka na miaka, ukabaki unamchukia.

Wengine waliwataka buibui kama mtaji, na mambo yakawaendea vibaya. Mwaka 1709 bwana mmoja wa Montpellier, Ufaransa, François Xavier Bon, alitengeneza soksi ndefu na glavu kwa hariri ya vifuko vya mayai ya buibui, akawaambia wakubwa kwamba utajiri umepatikana. Mwanasayansi Réaumur akapewa kazi ya kuchunguza. Majibu yake yalikuwa ya kukatisha tamaa: ukiwaweka buibui pamoja wanakulana, na hata ukifanikiwa utahitaji zaidi ya laki sita kupata ratili moja ya hariri. Mradi ukaishia hapo. Karibu miaka 300 baadaye, Madagascar, walitumia zaidi ya buibui milioni moja kufuma kitambaa kimoja cha rangi ya dhahabu kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Kizuri ajabu. Wale buibui waliokamatwa na kuvutwa uzi walirudishwa porini, na kwangu hilo ni bora kuliko kitambaa.

Lakini kisa ninachokirudia kila mara ni cha mwaka 1973, na hiki ni cha ofisini hasa, ila ofisi yenyewe ilikuwa angani.

Wamarekani walikuwa na kituo kinachozunguka dunia kinaitwa Skylab. Msichana wa sekondari wa miaka 17 kutoka Lexington, Massachusetts, Judith Miles, alishinda nafasi ya kupeleka jaribio lake: je, buibui anaweza kufuma utando mahali ambapo hakuna juu wala chini? Wakapelekwa wawili, Arabella na Anita, wakaondoka Julai 28, 1973 pamoja na wanaanga watatu: Alan Bean, aliyekuwa ameshatembea mwezini mwaka 1969, Owen Garriott na Jack Lousma. Watu watatu na buibui wawili katika chumba kimoja kwa siku 59.

Arabella alipotolewa kwenye kichupa aliangaika. Alirusha miguu hewani kama mtu anayeogelea mara ya kwanza. Utando wake wa mwanzo ulikuwa ovyo, vipande tu kwenye kona. Kesho yake akajaribu tena, akakaribia kuweza. Siku zilivyokwenda akawa anafuma utando mzuri, wa duara, kama wa nyumbani, ila nyuzi zake zilikuwa nyembamba kuliko za duniani.

Sasa Garriott, ambaye ndiye alikuwa anawaangalia, akafanya ambacho mimi na kaka wa michezo tungefanya. Akaomba buibui wabaki kwa muda mrefu zaidi ya ilivyopangwa. Chakula chao cha nzi hakikuwa cha kukaa muda wote huo, kwa hiyo wakawa wanapewa maji, na vipande vya nyama laini ya ng'ombe kutoka kwenye sahani za wanaanga wenyewe. Nyama ya steki! Nasoma hapo nikakumbuka jinsi kaka wa michezo alivyojaribu kumpa Kipa punje ya mshikaki, na Kipa akajitikisa kwa hasira. Nikajua sisi si wendawazimu, au basi wendawazimu wetu una historia.

Anita alikufa huko huko angani, mwezi Septemba. Arabella alirudi na wenzake lakini walipofungua alikuwa amekufa. Wote wawili walionekana walikosa maji mwilini. Nilipofika hapo niliiacha ile habari kwa siku mbili. Walipendwa, watu wenye elimu kubwa kuliko zote duniani waliwagawia chakula chao, na bado walikufa kwa kiu, kwa sababu waliwekwa mahali ambapo uhai wao ulitegemea kumbukumbu ya mtu mwenye kazi nyingine.

Kwa nini iliniuma hivyo? Kwa sababu ndiyo wiki ile ile yalipotokea ya kwetu.

Kulikuwa na wageni wanakuja kutembelea ofisi, watu wa fedha. Asubuhi mkubwa mmoja wa jengo akapita kukagua pamoja na msimamizi wa kampuni ya usafi. Wakafika kabatini. Akanyoosha kidole juu: "Huu ni nini?" Mama wa usafi alikuwa amesimama hapo na ndoo yake. Akasema kwa upole kwamba vijana wa hapa wameomba iachwe. Yule bwana akageuka kutuangalia. Tulikuwa saba chumbani asubuhi ile. "Nani ameomba?"

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kuuliza wakubwa maswali mbele za watu. Nimewahi kumuuliza waziri swali mpaka akanyanyua glasi ya maji. Na pale, kwa swali la buibui, niliangalia kioo cha kompyuta kama mtu anayesoma kitu cha maana sana. Sekunde tatu, nne. Simu ya mtu ikalia, yule bwana akasema "toeni uchafu huu", wakaenda chumba kingine.

Mama alileta fagio la mti mrefu, akafagia kona. Hakutuangalia. Kipa alianguka na utando wake wote, na mayai. Jioni tukasikia amepewa barua ya onyo na amekatwa pesa ya siku mbili.

Sitajifanya kwamba usiku ule nilimlilia buibui. Nilijilaumu mwenyewe. Lakini nilielewa kitu kuhusu historia yote ile niliyokuwa nimejisomea kwa raha: upo upande wa anayechungulia na upande wa anayeshika fagio, na mapenzi yangu kwa Kipa yalikuwa bure kabisa kwangu. Gharama yake ilikuwa kwenye mshahara wa mtu mwingine, mshahara wenyewe mdogo.

Kesho yake tuliandika barua. Niliiandika mimi, nikasema ni mimi niliyeomba, lini, na kwamba niliulizwa nikanyamaza. Tukasaini wote kumi. Tukapeleka kwa mkubwa wa jengo na nakala kwa kampuni ya usafi. Tukachanga pia, zaidi ya ile pesa ya siku mbili, tukaiweka kwenye bahasha, nikampelekea mama mwenyewe kwenye chumba chao kidogo chini ya ngazi.

Hakuipokea mara moja. Akasema, "Mwanangu, buibui hawana shida. Hata kwangu wapo, siwaui. Wewe ulisema utajibu." Nikasema ndiyo mama, nilisema. Akakaa kimya. Halafu akaichukua bahasha, akahesabu mbele yangu, akatoa ya siku mbili, iliyozidi akanirudishia.

Barua ya onyo haikufutwa. Walisema kimdomo kwamba haitahesabiwa, na sisi tunajua maana ya neno la mdomo. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anakwenda kuuliza, na safari hii anayeuliza hatazami kioo cha kompyuta.

Mhariri alinusurika, alikuwa nyuma ya skrini. Na katika kumtafutia habari zake nimekutana na ndugu zake wa huku kwetu, nisiwanyime hii. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mrukaji mdogo anaitwa kitaalamu Evarcha culicivora. Watafiti wakiongozwa na Robert Jackson walimchunguza huko Mbita, kwenye kituo cha ICIPE, na mwaka 2005 wakachapisha kwamba anapenda kuwinda mbu jike aliyekwisha kunywa damu, tena hasa wale anofelesi wanaoeneza malaria. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi yako, kwa hiyo damu anaifuata ndani ya mbu. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba anavutiwa na harufu ya miguu ya binadamu. Waliwapa buibui hao kuchagua kati ya hewa iliyopita kwenye soksi safi na iliyopita kwenye soksi zilizovaliwa, wakazipenda zilizovaliwa. Mhariri wangu si wa aina hiyo, ni ukoo mmoja tu. Lakini nimewaeleza wenzangu, na kaka wa michezo amepata kisingizio cha kuvua viatu zamu ya usiku.

Na mwingine wa ukoo huohuo, jina lake Nefertiti, alipelekwa kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2012 kwa wazo la kijana wa Alexandria, Misri. Alikaa huko siku kama 100, mwanaanga Sunita Williams akiwa mmoja wa waliomwangalia, akajifunza kuwinda bila kuruka ovyo. Huyu alirudi duniani hai. Naona tangu mwaka 1973 kuna mtu alijifunza kuhusu maji.

Juu ya kabati sasa kuna karatasi imebandikwa kwa gundi, imechapwa kwa herufi kubwa: KONA HII HAIFAGILIWI JUU KWA OMBI LETU. Chini yake majina yetu kumi na saini, ili atakayeuliza asimuulize mama. Kwa muda kona ilikuwa tupu. Juzi usiku, tukisubiri ukurasa wa mwisho uende mtamboni, kaka wa michezo akanyanyua kichwa, akanigusa bega. Pale pale, kwenye pembe ya ukuta, mdogo mno, miguu kama uzi wa cherehani, nyavu zake hata hazijakamilika.

"Kipa wa akiba," akasema. "Ameshaanza kupasha."